Kivuli cha Ngao kwenye Ngoma ya Kanisa

Shemeji yangu alinipigia simu asubuhi moja nikiwa uani, nachambua kahawa kwenye ungo. Ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu, aliolewa Nyakatuntu tangu akiwa msichana, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Kwake salio ni la misiba na harusi. Nilipoona jina lake moyo ulinishtuka kidogo, nikadhani kuna mtu amefariki.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri. Wamesema baba alikuwa mwongo."

Nikauweka ungo chini. Akanieleza yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyekariri. Usharika wetu wa Igurwa ulikuwa unajiandaa kwa jubilei, na kamati ilikuwa inachonga jiwe la majina ya watu walioanzisha kanisa. Yeye alipeleka jina la baba yake. Hakuwa mwinjilisti wala mzee wa kanisa. Alikuwa mpagazi wa mmisionari, na ndiye aliyeibeba ngoma kubwa ya kanisa kichwani, kwa miguu, kutoka Bukoba, kabla ya vita vya pili vya dunia. Kengele ilikuwa haijafika. Watu wa kwanza waliitwa ibadani kwa ngoma hiyo, na mpigaji alikuwa yeye. Habari hiyo tuliisikia sote mpaka tukaichoka. Alizeeka anaisimulia, akafa anaisimulia.

"Sasa kuna mwalimu mmoja kijana, ndiye katibu wao," shemeji akaendelea. "Ameipiga picha kwa simu ile beji ya kiwanda iliyo ubavuni mwa ngoma, akaingia huko mtandaoni kwao, akarudi anasema ngoma imetengenezwa baada ya Uhuru. Kwa hiyo baba aliibeba lini? Akiwa na mvi? Nikamwambia, mwanangu, beji ya ngoma ya baba ilikuwa ngao ya shaba, ndogo hivi. Mimi na mdogo wangu tuliisugua kila Jumamosi kwa jivu la maganda ya ndizi. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekojoa kitandani. Akasema, bibi, umri ukienda kumbukumbu huchanganyikana."

Nilisikia kuku wake wakilia kule Nyakatuntu.

"Lakini mdogo wangu aliwahi kuniambia," akasema, "kwamba wewe ulimwambia ile ngao ilianguka, ikawekwa nyingine. Si ndiyo?"

Mdomo wangu ukasema, "Ndiyo."

"Na wewe ndiye unayejua ngoma hapa Karagwe. Jumapili nakuja. Utawaambia."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni, na mkono wa pili ulikuwa umefumbata kahawa hata punje zikaniacha alama kwenye kiganja. Maana ngao ile haikuanguka. Niliing'oa mimi.

Inabidi nieleze nilivyozijua beji, ili msomaji aone kwamba sikukosea kwa ujinga. Nilipomaliza kidato cha nne sikupata kazi mara moja, nikakaa Bukoba kwa ndugu wa baba. Karibu na pale alikuwepo fundi wa vyombo vya muziki, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akitengeneza matarumbeta ya makanisa na ngoma za bendi za shule. Nilianza kwa kumfagilia karakana. Baadaye akanifundisha. Yeye tundu la hewa lililo ubavuni mwa ngoma ya kizungu aliliita kitovu. Alisema, "Usimuulize mwenye ngoma ina umri gani, atakuambia anachotaka. Itazame kitovuni."

Kitovuni ndiko kiwanda huweka beji yake. Kiwanda ni kilekile, lakini beji hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, na anayezijua hubashiri umri wa ngoma kama daktari wa ng'ombe anavyotazama meno. Zile za zamani kabisa zilikuwa za shaba nzito, zimegongwa herufi, zina jina la mji, na zimepigiliwa kwa misumari midogo ya shaba. Baadaye kiwanda kilihama, jina la mji likabadilika. Baada ya vita zikaja za aluminiamu, nyepesi, zimepakwa rangi, tena hazipigiliwi misumari bali hubanwa na pete inayopita ndani ya kitovu. Mwishoni wakaanza kubandika karatasi tu. Fundi alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa beji zilizotoka kwenye ngoma zilizooza, na jioni alikuwa ananipa moja nikiwa nimefumba macho. Niliweza kuisema enzi yake kwa kidole gumba.

Nilirudi Igurwa na elimu hiyo, na ilinipa heshima kuliko cheti changu cha shule. Bendi za dansi, shule, makanisa ya kwetu na ya Wakatoliki, wote waliniita nitazame vyombo vyao kabla ya kununua au kuuza. Mpaka leo watu hunitumia picha kwenye simu. Nikawa kiongozi wa matarumbeta ya usharika. Nikamwoa binti wa yule mpiga ngoma. Mzee mwenyewe alinifundisha kuipiga ngoma yake, tena alinifundisha kwa fimbo, nikikosea ananigonga kifundo cha mguu. "Ngoma hii imenila nywele," alikuwa akisema, na kweli utosi wake ulikuwa na upara wa mviringo. Hakumwachia mtu mwingine. Mimi aliniachia.

Alipofariki ilipita kama miaka miwili. Sisemi nilingoja afe. Lakini angekuwa hai nisingethubutu, na nadhani hilo ni lilelile.

Nilikuwa na ngoma yangu mwenyewe, niliyoinunua kutoka shule moja iliyovunja bendi. Ilikuwa ya kiwanda kilekile cha ngoma ya kanisa, ukubwa uleule, ila changa: beji yake ilikuwa ya mviringo, ya aluminiamu, yenye rangi ya bluu. Kulikuwa na mnunuzi aliyekuwa akivuka mpaka na kuja Murongo siku za gulio, akinunua vyombo vya zamani kwa ajili ya bendi za kwao na kwa Wazungu fulani waliokuwa wakivikusanya. Nikampelekea habari za ngoma yangu. Akaniuliza beji. Nilipomwambia akacheka.

"Hiyo kawapigie watoto. Niletee yenye ngao ya shaba, mzee, uone kama hutaezeka nyumba."

Nyumba yangu ilikuwa ya nyasi. Mke wangu hakuwahi kulalamika. Hatukuwa na njaa, watoto hawakuwa wagonjwa, hakuna aliyenishikia kisu. Nilitaka mabati kwa sababu jirani yangu alikuwa na mabati. Nimetafuta miaka mingi sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, sijaipata.

Niliifanya mchana, kanisani, siku nilipojifanya naenda kukaza ngozi. Niliipasha moto ncha ya kisu, nikainyanyua ile ngao taratibu, msumari baada ya msumari. Minne. Chini yake rangi ya ngoma ilikuwa nyekundu kama siku ilipotoka kiwandani, kwa sababu jua na moshi havikuwahi kufika hapo, na huku pembeni kote ilikuwa imegeuka kahawia. Ngao ilikuwa imeacha kivuli chake, chenye ncha na mabega, kimekaa kikizunguka kitovu. Nilikitazama nikaogopa. Kisha nikaweka juu yake ile beji yangu ya mviringo. Ilikuwa pana kuliko ngao, ikafunika kila kitu. Pete yake haikubana vizuri kwa kuwa nilishaifungua mara moja, nikaongeza gundi. Ngao nikaipigilia kwenye ngoma yangu, ambayo niliipara na kuipaka rangi upya ili isiache kivuli cha kwake. Yule mnunuzi aliitazama kitambo, akanitazama mimi, akanihesabia pesa, akaifunga kwenye baiskeli. Sijui kama alidanganyika au alitaka tu ya kuwadanganyia wengine.

Jirani zetu walikuja kuyatazama mabati. Mke wangu alipika matoke kwa sufuria mbili.

Yeye ndiye pekee aliyeona. Jumapili moja tukitoka ibadani aliniuliza, "Ile ngao ya baba iko wapi?" Alikuwa amembeba mtoto, hakusimama. Nikamjibu bila kumtazama, "Ilianguka. Wameweka nyingine." Akasema, "Ooh." Tukaendelea na njia. Nilikaa miezi nikisubiri swali la pili, na halikuja. Halikuja hadi tukamzika.

Sasa swali lilikuwa linakuja kutoka Nyakatuntu, Jumapili, kwa basi.

Siku zile tano sikulala vizuri wala sikula vizuri. Mbwa akibweka nasimama. Simu ikilia naitazama kwanza kama nyoka aliyelala njiani. Nilikuwa napita kwenye migomba yangu nikizungumza peke yangu, nikijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Mvua ilinyesha Jumatano mchana, ikapiga bati kwa nguvu, nikatoka nikakaa kibarazani kwa jirani hadi ilipokatika, nikidai nimefuata kiberiti.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba niliona njia ya kupona. Ningeweza kwenda pale, nikaing'oa ile beji mbele yao, nikawaonyesha kivuli cha ngao. Kivuli kingesema ukweli wote kuhusu baba mkwe: ngoma ni ya kale, mzee hakudanganya. Halafu ningesema yaleyale niliyomwambia mke wangu, kwamba ngao ilianguka. Jina lake lingechongwa, na la kwangu lingebaki safi. Kila nilipolipitia wazo hilo lilikuwa linaingiana vizuri kabisa, na nilipoliona linaingiana hivyo jasho lilinitoka.

Ijumaa saa tisa mchana nilikwenda kanisani. Nilitaka kuhakikisha kwamba kivuli bado kipo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mfukoni nilikuwa na kisu, na pia nilikuwa na kipande cha msasa, na huo msasa sikujiambia ni wa nini. Niliinama nyuma ya ngoma, nikaingiza ncha ya kisu chini ya beji. Gundi yangu ya miaka yote ile ilitoa mlio mdogo. Hapo nikasikia mafagio. Kina mama wa zamu walikuwa wameingia kwa mlango wa pembeni.

"Nani huyo? Aa, babu! Shikamoo! Umetuweka roho juu, tulidhani ni popo."

"Marahaba. Natazama ngozi."

"Itazame vizuri, watu wa jubilei wasije wakasikia ikikohoa."

Wakacheka. Nami nilicheka. Nilitoka nje, nikautupa ule msasa kwenye shimo la choo cha usharika. Najua nilichokuwa nataka kufanya nao. Dakika tano ningekuwa nimemfuta baba mkwe wangu mara ya pili, na safari hii asingeweza kurudi.

Jumapili shemeji alifika mapema. Alikuwa amevaa gauni lake refu na shuka begani, na mkononi alikuwa na kikapu kidogo chenye mfuniko, kile cha kahawa ya kutafuna ambacho kwetu watu hukaribishia wageni. Alikileta kwa ajili ya kamati. Baada ya ibada tukaingia ofisi ya usharika: mchungaji, yule mwalimu kijana na daftari lake, wazee watatu, shemeji na mimi. Ngoma ilikuwa imewekwa juu ya meza kama maiti. Mmoja wa wale wazee nilianza naye darasa la kwanza, na hajawahi kunyamaza tangu siku hiyo.

"Mtaalamu ameingia," akasema. "Waitu, ndugu yetu, tupe bei. Na huyu mwalimu naye mpime, tumuuze pamoja na ngoma."

Mwalimu akatabasamu. Hakuwa kijana mbaya. Aliniamkia kwa mikono miwili. "Babu, mimi sina ugomvi na bibi. Ni kwamba jiwe halifutiki. Tukiandika kitu kisicho kweli, wajukuu watatucheka. Na beji ni kama cheti cha kuzaliwa."

"Cheti ni cha kuzaliwa," nikasema, "lakini wapo wanaoishi kwa vyeti vya watu wengine."

Nilikuwa najaribu ujasiri. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Nikaomba kisu, ingawa changu kilikuwa mfukoni. Niliingiza ncha palepale nilipoianzia Ijumaa, nikazungusha. Beji ikaachia, ikaanguka mezani na kuviringika hadi kwenye kikapu cha kahawa.

Kivuli kilikuwepo. Zaidi ya hapo, sasa kulikuwa na rangi tatu. Nje ngoma ilikuwa nyeusi kwa uzee. Pale beji ya mviringo ilipokuwa kulikuwa na duara la kahawia. Na katikati ya duara, nyekundu mbichi, ngao ya baba mkwe na matundu yake manne ya misumari.

"Mawe, mama yangu!" shemeji akasema. Hakulia. Aliweka kidole kwenye ncha ya chini, akakipitisha taratibu pembeni, akapanda hadi begani, kama mtu anayeosha uso wa mtoto.

Nikawaeleza. Ngao hii ni ya enzi za kabla ya vita. Ilikaa hapa muda mrefu sana, hadi ngoma ikabadilika rangi kuizunguka. Kisha ikaondoka, na hii ya mviringo ikaja juu yake, nayo imekaa muda mrefu, ndiyo maana duara hili halikuwa jeusi kama kule nje. Mwalimu alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa. Alipiga picha mbili. Kisha akageuka kwa shemeji, akapiga goti kidogo.

"Bibi, nisamehe. Nilikukosea."

"Nilikuambia ni ngao," shemeji akasema.

Ilikuwa imekwisha. Mchungaji alishafunga macho tayari kuomba. Mimi nilikuwa nahesabu hatua hadi mlangoni.

"Ila nani aliibadilisha?" mwenzangu wa darasa la kwanza akauliza, mdomo umejaa kahawa.

Nikasema, "Huenda ilianguka."

"Misumari minne ianguke kwa mpigo? Na iliyokuja badala yake ilitoka wapi, ilianguka kutoka mbinguni?" Akacheka. "Mimi namjua. Funguo alikuwa nazo nani? Si yule mzee mtunza kanisa, Mungu amlaze? Yule kwa kibuyu kimoja cha pombe ya rubisi angeuza hata mimbari na mhubiri akiwa juu yake."

Wakacheka wote, hata mchungaji. Mtunza kanisa yule nilimjua. Alikunywa, ndiyo. Alikuwa pia mtu aliyekuwa akiweka viatu vyake nje ya kanisa hata kama yumo peke yake. Dirishani ilisikika kwaya ya vijana ikifanya mazoezi, na mmoja wa wale waliokuwa wakiimba alikuwa mjukuu wake, binti mwenye sauti ya pili.

Mwalimu alikuwa anaandika. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti anapoandika muhtasari. "Beji ya asili... iliondolewa... na aliyekuwa mtunza kanisa..."

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka ncha ya kalamu na jinsi ilivyokuwa inakwenda. Nilimwona yule mzee akiwa amechongwa kwenye daftari kama baba mkwe alivyokaribia kufutwa kwenye jiwe, wote wawili kwa mkono wangu, na mimi nimekaa katikati natafuna kahawa.

"Futa hapo," nikasema.

"Nifute nini, babu?"

"Ulipomwandika. Ni mimi."

Mwenzangu akaanza kucheka, akaacha.

Nikasema tena, na safari hii nilieleza kisu, ngoma yangu, mnunuzi wa Murongo na mabati. Nilisema haraka, nikiwa nimetazama meza. Kwaya nje ilirudia ubeti mara mbili.

"Rudia," shemeji akasema.

"Shemeji..."

"Sikio langu moja ni bovu. Rudia."

Nikarudia. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza, maana sasa nilijua kila sentensi inakokwenda.

"Na mdogo wangu alijua?"

"Hapana. Aliniuliza mara moja. Nikamwambia ilianguka."

"Aliamini?"

"Sijui."

"Aliamini," akasema. "Aliponiambia, aliniambia akiwa ameamini. Nilimuuliza, una hakika? Akasema, mume wangu hawezi kunidanganya kuhusu baba."

Mchungaji akakohoa. "Ndugu zangu, tuinamishe vichwa, tuo..."

"Mchungaji, usiombe kwanza." Hakupandisha sauti. Alikuwa ananitazama mimi. "Yale mabati ndiyo yaliyopo hadi leo?"

"Ndiyo hayo."

"Nimelala chini yake siku nne za msiba. Mvua ilinyesha. Nikamwambia Mungu, asante mdogo wangu alikuwa na nyumba nzuri."

Baada ya hapo walizungumza wao. Jina la baba mkwe lilikubaliwa, na mwalimu akapendekeza liandikwe pia kwamba ndiye aliyebeba ngoma. Langu likaondolewa kwenye orodha ya wazee watakaokaa mbele siku ya jubilei. Ilikuwa haki, na nilifarijika kidogo kwamba angalau kuna kitu kimeondolewa. Mwalimu akasema zipo beji za kuiga, zinatengenezwa nje, anaweza kuagiza moja yenye umbo la ngao, mtu asijue tofauti.

"Asijue tofauti!" shemeji akasema. "Ndiyo iliyotufikisha hapa. Kiacheni kivuli kama kilivyo."

"Kitahitaji mtu wa kukitunza," mchungaji akasema. "Watu watakigusa, watakisugua."

"Atakitunza huyu."

Mwenzangu wa darasa la kwanza akashtuka. "Mama, tumkabidhi fisi bucha?"

"Huyu fisi nishamjua," shemeji akasema, akifunika kikapu chake. "Nyie wengine bado."

Siku ya jubilei nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na kina mama wenye watoto wachanga. Ngoma ilipigwa na kijana ninayemfahamu. Aliipiga vizuri. Nilikitazama kifundo cha mguu wangu, kile alichokuwa akikigonga mzee.

Tangu hapo kila Jumamosi nakwenda kanisani. Siendi na jivu la maganda ya ndizi, kwa sababu jivu lingekimaliza kivuli kwa mwezi mmoja. Naenda na kitambaa kikavu cha pamba, nafuta vumbi kwa kupuliza kwanza, kisha nagusa kwa ncha tu. Nimeshona kifuniko cha kitenge nakifunga pale ngoma isipopigwa. Lakini haisaidii sana. Nyekundu ile iliishi gizani miaka yote, na sasa imeona mwanga. Wiki ya kwanza ilikuwa kama pilipili iliyoiva. Sasa inaelekea udongo. Mimi ndiye ninayejua ngoma hapa, na najua kinachofuata: itafika siku itakuwa kahawia kama duara lake, na mtu akitazama ataona matundu manne tu, atasema ni ya wadudu. Sijui kama ni mimi au kivuli kitakachotangulia. Huko ng'ambo ya Murongo, kama haijaoza, iko ngoma changa yenye ngao ya shaba, na kuna mtu anayeiamini.

Nikimaliza nafunga mlango, natembea hadi barabarani ambako mtandao unapatikana, nasubiri. Hupiga yeye. Hasalimii, na salamu yangu haiitikii.

"Bado kinaonekana?"

"Kinaonekana, shemeji."

Kisha hukata. Nami hubaki pale barabarani nikiogopa Jumamosi ijayo, nikiwa na kitambaa mfukoni.